Mgonjwa Niliyesahau Kumuuliza

Siku mliponiaga pale ukumbini, baada ya hotuba na lile kreti la soda lililoisha kabla ya kufika meza za nyuma, mmoja wenu aliniomba niandike uzoefu wangu ili ninyi mnaobaki idarani msome. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye jalada langu masjala, nendeni mkasome huko kama panya hawajawatangulia. Nitaandika juu ya kutazama na juu ya kuuliza. La kwanza nilifundishwa mwaka wangu wa kwanza kazini. La pili nililijua nikiwa nimekaribia kustaafu, na aliyenifundisha hakuwa ng'ombe.

Nilianza kazi Lalago, kijana mwembamba mwenye cheti kipya cha mifugo na viatu vyeusi vya ngozi. Viatu ndivyo vilivyoniumbua. Pale joshoni nilimkuta Mzee Maduhu, msaidizi wa mifugo ambaye alikuwa ameogesha ng'ombe tangu kabla sijazaliwa. Alivitazama viatu, akanitazama usoni, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, bwana mifugo. Harusi iko wapi?" Mpaka saa sita mchana viatu vilikuwa vimelowa maji ya dawa na mavi mpaka kwenye kamba, na wafugaji walikuwa wamepata cha kusimulia nyumbani.

Mzee Maduhu hakuwa na cheti chochote. Kila tulipofika kwenye zizi lenye mgonjwa alinizuia mlangoni, akawasha sigara, akaivuta taratibu mpaka mwisho bila kusema neno. Ndipo tunaingia. "Ng'ombe haisemi," aliniambia. "Mwenye ng'ombe anasema, lakini anasema anachotaka wewe usikie. We tazama." Nikajifunza kutazama masikio, pua, mavi, namna mnyama anavyokanyaga, anavyosimama mbali na wenzake. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda ile dakika ya sigara, ingawa mimi mwenyewe sikuvuta. Kila zizi lilikuwa swali.

Nawapa mfano mmoja. Dume la mzee fulani lilikuwa limekonda, limepinda mgongo, limetanua viwiko, na likifika kwenye mteremko linagoma kushuka. Mzee alikuwa na hakika kwamba jirani amelirushia kitu. Nilisema lina chuma tumboni. Walipolichinja tukakuta kipande cha spoku ya baiskeli kimetoboa tumbo kuelekea kwenye moyo. Nikajivuna. Yule mzee akakigeuza kile chuma mkononi, akaniuliza kwa upole, "Sawa, bwana mifugo. Na aliyekiweka kwenye nyasi ni nani?" Chuoni hawakunifundisha jibu la hilo, na mpaka leo ninalifikiria.

Fundisho la pili la Mzee Maduhu lilikuwa kuficha dawa. Kidonge cha mbwa kinaingia ndani ya utumbo wa mbuzi. Dawa ya kuku unaiweka kwenye maji, lakini kwanza unawanyima maji tangu alfajiri ili wakipata wasichague. Ndama unamnywesha kwa chupa ya soda, kidevu juu kidogo tu, la sivyo dawa inaingia mapafuni na utaeleza vizuri kwa mwenye ndama. Na kitu chochote kichungu kinafichwa vyema na maziwa mgando, kwa sababu ule uchachu unakula uchungu. Nikawa fundi wa kazi hiyo. Wafugaji walisema ninaweza kumlisha paka shubiri akashukuru. Mgonjwa wetu hapewi nafasi ya kukataa, na hakuna anayemwomba radhi.

Kutoka Lalago nilipelekwa Nkoma, na huko akazaliwa mwanetu wa kwanza, siku ya mvua, tukamwita Mabula. Alikuwa mtoto asiyependa ng'ombe, jambo ambalo kwa Msukuma ni kama kutopenda hewa. Alipenda vitambaa. Tulipohamia Bariadi mjini alijifunza ushonaji, akapata cherehani na baraza karibu na soko, na alipofika miaka ishirini na tano wanawake wa kwaya walikuwa wanapanga foleni kwake kabla ya Pasaka. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alitunga uzi kwenye sindano huku anamtazama mteja usoni.

Mwaka huo akaugua. Mimi mtazamaji niliona kila kitu na sikuelewa hata kimoja. Aliacha kusalimia. Aliongea na cherehani. Alifunika kioo cha wateja kwa kanga. Mchana mmoja alitoka mbio barazani mpaka kwenye shamba la pamba la watu, anapiga kelele kwamba kuna watu juu ya bati wanamcheka kila akishona. Vijana walimzunguka, wakaniita. Mmoja akasema, "Bwana mifugo, sasa we ndiye unajua kufunga." Ni kweli, ninajua. Mzee Maduhu alinifundisha kumlaza dume kwa kamba moja, na fundo lisilokaza wala kuchubua. Nilimfunga mwanangu kwa fundo hilo, na watu walinisifu kwamba halikuacha alama. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na sikujali nani ananiona.

Mama Mabula aliomba na wenzake wa kanisani. Shemeji yangu akasema kuomba ni kuzuri, lakini kuna mganga ng'ambo ya Nkoma. Nilikubali kwenda, nikiri tu, kwa sababu nilitaka kuona. Mganga alipasua kuku na kuyasoma matumbo yake. Alichokiona yeye sikukiona. Mimi niliona kuku mwenye minyoo mingi na ini lisiloridhisha, nikanyamaza kwa adabu. Ila kabla ya kumpasua kuku, mganga alimgeukia Mabula, akamuuliza, "Hao wanaokusemesha, wanasema Kisukuma au Kiswahili?"

"Kiswahili," Mabula akajibu. "Mmoja tu ndiye wa Kisukuma, na huyo ni mpole."

Nilimwonea wivu yule mganga. Nilikuwa nimeishi na ugonjwa ule miezi miwili, nimeandika kwenye daftari saa za kula na za kulala, na swali kama lile halikunijia.

Dawa za mganga hazikufaa kitu, tukaenda kliniki ya afya ya akili. Sista Nyamizi, muuguzi wa pale, alituambia ugonjwa una jina, una dawa, na dawa ni za muda mrefu. Mabula alizimeza. Baada ya wiki chache sauti zikapungua, kanga ikaondolewa kwenye kioo, akarudi barazani. Kisha, wakati wa palizi, akaacha dawa. Nilivikuta vidonge chini ya godoro.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ni bwana mifugo pekee angelifanya kwa ufundi namna ile. Sikumwita, sikumkalisha, sikumuuliza kwa nini. Niliwaza dozi, niliwaza njia. Kila asubuhi alikuwa anakunywa kikombe cha maziwa mgando na michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha. Mama yake anaandaa, mimi namsogezea. Nikawa ninasaga vidonge kwa kitako cha chupa stoo, ninachanganya, ninakoroga. Hakuonja tofauti. Sauti zikapungua tena. Nilijipongeza, vijana wangu. Niliona nimemshika paka mwingine.

Baada ya muda Mabula alinijia mimi, sio mama yake, akakaa karibu yangu kwenye kiti. "Baba, kuna mtu anaweka kitu kwenye chakula changu."

"Nani aweke, mwanangu? Hapa ni nyumbani."

"Sijui nani. Ila kipo."

Siku ya kliniki alilisema jambo hilo mbele ya Sista Nyamizi, kwa sauti ya chini, anatazama sakafu. Sista akamuuliza maswali, akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili, magoti yetu karibu yanagusana, na nilinyamaza. Walimpeleka kwa daktari, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba ameacha kumeza, ikaonekana dalili zinarudi licha ya dawa, dozi ikaongezwa. Nilipokea pakiti mpya, nikaenda nayo nyumbani, nikasaga zaidi.

Mikono yake ikaanza kutetemeka hadharani. Sare ya mtoto wa shule ikatoka mshono umepinda kama njia ya mbuzi, mwenye sare akagomba, wateja wakahamia baraza la pili. Na kwa kuwa mpishi wa nyumba ni mama yake, Mabula akaanza kumtazama mama yake kwa jicho jingine. Akaacha kupokea kitu chochote mkononi mwake. Majirani wakaona. Hapa kwetu mwanamke aliyeanza kuota mvi akitazamwa hivyo na mwanawe mwenyewe, watu hawahitaji kuambiwa neno. Wanajua kulitafuta wenyewe. Mama Mabula akaniuliza, "Baba Mabula, wewe unajua lolote?" Nikasema sijui.

Mabula akahama. Alipanga chumba nyuma ya soko, akaacha kuja kula kwetu. Tukasikia amekonda, tukasikia anaongea peke yake. Nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi, yeye hayupo. Nikafanya nilichozoea: nilisimama mlangoni kwa muda wa sigara moja, nikatazama.

Sakafuni kulikuwa na maganda ya mayai. Kwenye beseni, maganda ya karanga. Kwenye kona, maganda ya ndizi na ya viazi vitamu vilivyochemshwa bila kumenywa. Maji yake alikuwa anateka mwenyewe, ndoo ina kufuli. Kila kitu alichokula kilikuwa na ngozi yake. Hakuna kijiko ambacho kingeingia mle bila kuacha alama. Mfugaji angeweka utaratibu kama ule kwenye zizi lake wakati wa mlipuko, ningemwandikia barua ya pongezi. Huyu hakuwa mtu aliyepotewa na akili. Alikuwa ametazama, amefikiri, amegundua sumu iko wapi, na amejikinga. Waswahili walisema lisemwalo lipo. Mwanangu alilisema, nami nikaacha liandikwe kuwa ugonjwa.

Nilikwenda kwanza kwa Sista Nyamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, ile siku alisema hapa. Wewe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwepo."

"Mara ya kwanza alipoziacha, ulimuuliza sababu?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Sista, sikuzoea mgonjwa anayejibu."

Hakucheka. Nilidhani angalau angetabasamu. "Nenda ukamwambie," akasema. "Usimtume mama yake, usimtume mjomba. Na usimwambie kwamba ulikuwa unamsaidia. Hilo atalijua mwenyewe au hatalijua."

Nilimkuta Mabula chumbani kwake anamenya karanga. Nikasema tu, "Mabula, kile kitu kwenye chakula kilikuwepo. Nilikuwa naweka mimi. Vidonge vya kliniki, kwenye maziwa, kila asubuhi. Mama yako hakujua."

Aliacha kumenya. "Tangu lini?"

"Tangu palizi."

"Na siku ile kwa sista?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi."

"Sikuchanganyikiwa."

"Kwa hilo, hapana."

Alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, kisha kikageuka kilio. "Baba, hawa watu wanaonisemesha walikuwa wananiambia kila siku, unawekewa, unawekewa. Mimi nawajibu, acheni, hapa ni kwetu, baba yangu yupo. Nilikuwa nakutetea, baba. Nimebishana nao miezi mitatu, nakutetea."

Nimeona ng'ombe mia wakifa kiangazi kimoja. Sijawahi kusikia kitu kilichoniumiza kama hicho. Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza wakati wa palizi: kwa nini aliacha dawa? Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu, vidole vinacheza kama majani. "Siwezi kutunga uzi," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia." Kisha akaniomba nitoke, nami nikatoka.

Nyumbani nilimweleza Mama Mabula. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimamisha ungo. "Miezi mitatu mwanangu ananitazama kama mchawi," alisema, "na wewe umekaa hapo unakula ugali wangu." Hakuniongezea neno siku hiyo wala siku tano zilizofuata. Kesho yake alifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Mabula peke yake. Walichoongea sikukijua, na safari hii nilikuwa na akili ya kutouliza. Nilizunguka mwenyewe kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kuwaambia aliyeweka kitu ni mimi. Ni kazi mbaya kuliko kuhasi madume hamsini, lakini mke wa mtu hawezi kubeba jina kama lile kwa ajili yako.

Mabula alikwenda kliniki na mjomba wake. Aliwaonyesha mikono. Kumbe kutetemeka kule kuna dawa yake. Daktari alipunguza dozi, akabadilisha kidonge kimoja, akaongeza kingine kidogo cha kutuliza mikono. Jambo rahisi hivyo. Lilikuwa linasubiri mtu aulize. Sasa anameza mwenyewe, kwa saa anayoijua yeye, na mimi sijui pakiti iko wapi. Sauti hazijaisha zote. Aliniambia wa Kisukuma amebaki, na anapokuwa amechoka wale wa Kiswahili hurudi kupita tu, kama wageni wasio na haraka.

Ninamuuliza sana siku hizi, labda kupita kiasi. Wanasemaje leo? Wanakuja kushoto au kulia? Wanajua kwamba wewe unashona? Mara nyingine ananijibu vizuri mpaka nasahau kwamba tunazungumza ugonjwa. Najikuta nimeinama mbele kwa hamu, kama pale mlangoni mwa zizi. Mara nyingine anasema, "Baba, leo wamechoka na maswali yako." Nanyi vijana, mnapofika kwenye zizi, vuteni hiyo dakika yenu ya kutazama. Lakini mkiisha kutazama ulizeni, hata kama mwenye ng'ombe anadanganya. Kuuliza si ujinga. Na mkirudi nyumbani, acheni ujuzi wenu mlangoni pamoja na viatu.

Karibu mwaka mzima nilikwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada. Nilimpelekea mayai ya kuchemsha kwenye maganda yake, au mahindi ya kuchoma na ganda lake. Alipokea, alimenya mwenyewe, tukala tukizungumza. Chakula cha sahani hakugusa, na sikumlaumu. Nilijiambia kwamba nikifa nikiwa namletea mayai, bado nimepewa zaidi ya ninachostahili.

Jumapili moja kabla ya mavuno ya pamba nilimkuta amewasha jiko. Alikuwa amepika wali na samaki wa ziwani kutoka Nassa, na mchuzi mzito wa nyanya. Akanipakulia bakuli, akaliweka mbele yangu, akakaa kunitazama. Nilinawa, nikala. Chumvi ilikuwa nyingi kidogo. Nikaendelea kula.

"Baba," akasema, "huniulizi nimeweka nini?"

Nilisimamisha mkono. "Umeweka nini?"

Alihesabu kwa vidole, kana kwamba swali ni gumu. "Samaki. Nyanya. Chumvi. Basi."

"Wabeja," nikamwambia, ahsante kwa lugha ya nyumbani, nikala mpaka bakuli likawa safi. Akaliosha. Alikuwa ananipa mgongo, mikono yake imetulia ndani ya beseni, aliposema, "Jumapili ijayo upike wewe."

Sijawahi kuwa mpishi. Mama Mabula alijitolea kunisaidia, nikakataa, akacheka, akaenda zake kwaya. Niliunguza wali, mchuzi ukawa maji, na mwanangu alipofika nyumbani nilimwambia kila nilichoweka kabla hajaketi. Akachukua kijiko, akala, na akalalamika mpaka tonge la mwisho.